Kumkausha Bi Mize

"Rudia," Siwema alisema.

"Mama, mimi ndiye niliyemtaja Abdi."

"Unaangalia sakafu. Mtu aliyemwuza ndugu yake na sasa anataka kujigamba haangalii sakafu. Mwangalie usoni. Rudia."

Shekue akarudia. Walikuwa ndani ya karakana ya vichujio vya maji, nyuma ya soko la Ukanda wa Tatu, na pampu ilikuwa ikinguruma bila kazi yoyote ila kuficha sauti zao. Shingoni kila mmoja alikuwa na kidani chake, kama mtu mwingine yeyote katika nchi ya Mlezi. Ni ukanda mwembamba wa chuma laini, mweupe ukiwa umetulia. Watoto walivalishwa wakianza kutembea, na kukivua kulikuwa kosa la kufungwa. Mlezi mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona akilea chochote, lakini jina alilichagua yeye.

Kidani hakisomi mawazo. Watu wengi waliamini kinasoma, na Serikali haikuona sababu ya kuwasahihisha. Kinachosoma ni mapigo ya damu, jasho la koo, na ule mkazo wa misuli unaomjia mtu kabla hajajua kwamba anataka kulia. Habari hizo peke yake ni ndogo. Lakini mweke mtu mbele ya picha, au mbele ya maiti, kisha msome, utajua nani alimpenda nani. Kwa hiyo mpiganaji wa upinzani akiuawa, watu wa Mlezi hawakumzika. Walimlaza ukumbini, wakauita mtaa mzima upite mbele yake mmoja mmoja, na aliyegeuka mwekundu shingoni alitolewa kwenye foleni.

Ndivyo walivyompata mke wa Mbwarali, mmoja wa wapiganaji hao. Mbwarali alikufa vizuri, bila kutaja jina la mtu, na ilikuwa kazi bure, kwa sababu mkewe alipomwona amelala pale kidani kiliwaka hata kabla hajapiga kelele. Wakamchukua yeye na watoto wake. Wakamchukua na jirani aliyemdaka asianguke. Tangu hapo wenzake Mbwarali wakaweka sharti kwamba hakuna anayekwenda kwenye kazi asiyotarajia kurudi, kabla hajawakausha watu wake. Kuwakausha maana yake ni kuhakikisha kwamba siku watakapomwona amekufa, hawatahisi chochote.

Siwema ndiye aliyekuwa akikausha. Zamani aliigiza michezo ya redio, na alijua uongo unavyokaa kinywani ukaonekana umezaliwa humo.

"Nimwambie nimeiba," Shekue alisema. "Nimwambie mimi ni mlevi, nimetelekeza mwanamke mwenye mimba. Kwa nini liwe hili la Abdi?"

"Mama husamehe wizi hata hujamaliza kuusema. Mimba ndiyo kabisa, atauliza mtoto yuko wapi amlee. Wewe una mama mmoja, naye ana jeraha moja. Hatuna pengine pa kugusa."

Abdi alikuwa mdogo wake Shekue. Alichukuliwa na watu wa Mlezi akiwa bado mwanafunzi, na hakurudi hata shati lake. Nani alimtaja, hakuna aliyejua.

Shekue alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega ya kubeba mizigo, na miaka ya kujificha ilikuwa imemkunja kidogo. Alikuwa amelala kwenye dari za watu, kwenye matangi makavu, mara moja ndani ya jokofu bovu la bucha. Majina alibadilisha mengi, mpaka akiitwa kwa lake mwenyewe alichelewa kuitika. Kwa mama yake alikuwa fundi wa vichujio tu, kijana mwenye kazi nyingi anayesahau kula.

"Nina neno moja," alisema. "Niache nimwombe radhi kwanza. Nipige magoti, aniwekee mkono kichwani, kisha siku ya pili nirudi nimwambie huo uongo wako."

"Ukimwomba radhi atajua una safari. Na akijua una safari, hata umwambie umemchomea nyumba, atakusubiri dirishani."

"Siwema, nitakufa bila radhi ya mama yangu."

"Najua."

"Hujui. Kufa sikuogopi sana, nimeshakuzoea kukufikiria. Lakini kwenda huko mama yangu amenilaani, hilo naliogopa kama mtoto."

 Siwema aliizima pampu, akaiwasha tena, akamwambia arudie kuanzia mwanzo.

*

Bi Mize alikuwa jikoni akipika kisamvu kwa nazi ya unga, ile ya mgao ambayo alikuwa haachi kuitukana. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na alimpokea mwanawe kwa kumtazama mashavu.

"Umekonda, baba. Huko mnakofanya kazi hamli?"

"Tunakula, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Huyu mwenzio mbona amesimama nje?"

"Anakagua mabomba," Shekue alisema. Siwema alikuwa ukutani, chini ya dirisha la jiko, na mfuko wa spana begani. Hayo ndiyo yalikuwa masharti ya kazi yake, asikie kila neno kwa masikio yake.

Bi Mize alipakua wali, akamwagia kisamvu juu, akaiweka sahani mbele ya mwanawe. Shekue hakuigusa. Alimwangalia mama yake usoni, kama alivyofundishwa.

"Mama, mimi ndiye niliyemtaja Abdi."

Mwiko ulibaki hewani. Kidani cha Bi Mize kiligeuka rangi ya waridi, kikatetemeka kidogo, na hilo Siwema alikuwa amelihesabia. Ugomvi wa nyumbani haukuwahi kumsumbua Mlezi. Watu wanaochukiana na ndugu zao ni raia wazuri.

"Sema tena," Bi Mize alisema.

"Nilimtaja mimi. Walikuwa wananifuatafuata, nikachoka. Nikaona bora yeye kuliko mimi. Nimeishi na wewe, nimekula chakula chako, na sijuti. Nimechoka tu kuona unamlilia mbele yangu kila siku."

Nje, Siwema alishika mfuko wake kwa mikono miwili.

"Ulimtajia wapi?" Bi Mize aliuliza.

"Ofisi ya mtaa."

"Walikuuliza nini?"

"Waliniuliza jina. Nikawapa."

Bi Mize akauweka mwiko chini. Akaichukua ile sahani iliyojaa, akairudisha yote sufuriani, akazima jiko. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Maziwa niliyokunyonyesha yakutokee puani. Sina radhi nawe, duniani wala akhera. Ukifa nisiitwe. Toka ndani ya nyumba yangu."

Shekue alisimama. Hapo Siwema alimwogopea, maana hapo ndipo wengi walipoanguka, wakapiga magoti, wakasema kila kitu. Yeye alivaa viatu vyake mlangoni, akafunga kamba zote mbili vizuri, akatoka. Nyuma yake komeo likapigwa.

Walitembea mpaka kwenye mfereji wa maji machafu, na hapo Shekue akasimama. Siwema alimpa kitambaa.

"Umesikia alivyosema?" Shekue aliuliza.

"Nimesikia."

"Basi tumefaulu." Akajifuta jasho. "Sasa niahidi kitu. Mambo yakitulia, siku yoyote ikiwa salama, nenda kwake umwambie ukweli. Umwombe aniwie radhi. Hata kama nitakuwa nimeoza zamani, mwombe."

Siwema aliahidi. Aliahidi haraka, kama watu wanavyomwahidi mgonjwa anayeingizwa chumba cha upasuaji.

*

Mnara wa Ukanda wa Tatu ulikuwa na ghorofa nyingi za mashine zilizopokea habari za kila kidani, zikapanga nani achukuliwe alfajiri na nani aachwe kwanza. Mashine hizo zilichemka kama vyungu, na zilipozwa kwa maji, na maji yanataka vichujio. Miaka yote hiyo Shekue alikuwa fundi kwa ajili ya siku moja hiyo ya Alhamisi.

Chumba cha maji kilikuwa na mlango uliojifunga wenyewe joto likipanda, kisha chumba hujazwa gesi ya kuzimia moto, ambayo hufukuza hewa yote. Valvu kuu ilikuwa na springi. Ukiiachia inafunguka. Anayetaka maji yasipite lazima aishikilie kwa mikono, ndani, mlango umefungwa, mpaka mashine za juu zianze kuyeyuka. Shekue aliishikilia. Walimkuta ameukumbatia mpini, na iliwabidi wamkunjue vidole kwa koleo.

Ijumaa alfajiri yale magari ya kijivu hayakutoka. Hayakuwa na pa kwenda. Watu waliokuwa wamelala na viatu, wakisubiri kugongewa, walichungulia nje wakaona barabara tupu, na baadhi yao wakapata muda wa kuvuka mpaka. Wengi wao hawatajua kamwe jina la aliyewapa asubuhi ile. Siwema alilijua, na alishinda siku nzima akifungua na kufunga mfuko wa spana bila kutoa kitu.

Lakini vidani vilibaki shingoni, na visomeo vya mkononi havikuutegemea mnara. Jumapili mtaa uliitwa ukumbini.

Shekue alilazwa juu ya meza ya kioo, amefunikwa mpaka kifuani, mikono imewekwa juu ya shuka. Gesi haikumharibu uso. Ofisa aliyekuwa na kisomeo alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, na hao ndio walikuwa wabaya kuliko wote. Siwema alijipanga nyuma ya Bi Mize. Yeye mwenyewe alikuwa na njia yake ya kupita. Kichwani alisoma matangazo ya sabuni aliyokuwa akiyasoma redioni, moja baada ya jingine, bila kuweka nafasi katikati.

"Unamfahamu huyu, mama?" ofisa aliuliza.

"Namfahamu. Nimemzaa."

Foleni nzima ikaacha kupumua. Ofisa alisogeza kisomeo karibu na shingo ya Bi Mize. Kidani kilikuwa cheupe. Akakigonga kisomeo kwa kidole, akajaribu tena. Cheupe.

"Pole sana," alisema, na pole yenyewe ilikuwa mtego. "Maiti isiyo na mwenyewe tunaipeleka kwenye shimo la chokaa. Lakini wewe ni mama yake. Ukimtaka tunakupa sasa hivi, ukamwoshe, ukamvishe sanda, ukamzike."

Bi Mize alimtazama mwanawe kuanzia nywele mpaka pale shuka lilipoanzia.

"Mtupeni mnakowatupa wenzake," alisema. "Mimi nilishamkana."

Kidani hakikubadilika. Ofisa akampisha. Bi Mize akatoka mlango wa upande wa pili, mwendo wake ule ule wa kwenda dukani, na Siwema akapita nyuma yake na matangazo yake ya sabuni. Kati ya kazi zote alizowahi kuzifanya hiyo ndiyo iliyofana kuliko nyingine, na aliichukia nafsi yake yote kwa ajili hiyo. Mtu aliyeuokoa mtaa alikuwa anakwenda kutupwa kwenye chokaa bila maji wala sanda, na mama yake mzazi ndiye aliyesema atupwe.

*

Wenzake Siwema walimkataza kwenda kwa Bi Mize. Amekauka, walisema, mwache alivyo. Ukimwambia leo kwamba mwanawe hakumwuza mtu, kwamba amekufa shujaa naye amemlaani na kumnyima kaburi, atalia, na kilio kisicho na ruhusa kinaonekana. Kisomeo kinapita mitaani kila siku. Utakuwa umemwua kwa ajili ya ahadi uliyompa maiti.

Walisema kweli. Lakini Siwema alikuwa ameona vile vidole vilivyokunjuliwa kwa koleo, na hakuweza kuamini kwamba ahadi kwa mtu kama yule huisha akifa. Alipofika kwa Bi Mize na mfuko wake wa spana alikuwa bado hajaamua. Alijua tu kwamba akisema atamponza mama, na asiposema Shekue atalala katika laana milele.

"Kichujio changu ni kizima," Bi Mize alisema mlangoni.

"Tunapita nyumba zote, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia ufunge mlango."

Bi Mize alikwenda kwenye bomba la jikoni, akalifungulia mpaka mwisho, maji yakavuma ndani ya karai. Kisha akakaa karibu kabisa na Siwema, goti kwa goti.

"Wewe ndiye uliyemfundisha," alisema.

Siwema alianza kufungua mfuko wa spana.

"Usinidanganye, mwanangu, nimechoka. Shekue hajui kusema uongo. Tangu mdogo akidanganya sikio linamwasha, analikuna mpaka linakuwa jekundu. Siku ile hakulikuna. Nikajua kuna mtu amemfundisha, tena hodari. Ila wewe hodari hukujua jambo moja. Hawaulizi majina."

"Sijaelewa, mama."

"Alisema walimwuliza jina. Pale ofisini hawakuulizi kitu. Waliniita mimi. Wakanipangia picha za vijana mezani, wakaniambia nizitazame tu, nisiseme neno. Nilikuwa nimejiapiza sitatikisika. Ilipofika ya Abdi shingo ikaniwaka. Sikufungua mdomo. Wakanishukuru, wakaniletea na chai." Alijishika kidani kwa vidole viwili. "Abdi nilimtaja mimi. Kwa kumpenda."

Maji yaliendelea kuvuma. Siwema alijisikia amekuwa mjinga tangu siku aliyozaliwa. Kati ya uongo wote wa duniani alikuwa amechagua ule mmoja ambao mwanamke huyu asingeweza kuuamini.

"Shekue hakujua?"

"Ningemwambiaje? Akaja kukaa pale ulipokaa, akajitwika dhambi yangu, akanitazama usoni. Nikaelewa yote. Mtoto anayejipaka uchafu kiasi kile mbele ya mama yake anakwenda kufa, na anataka nisife naye. Mke wa Mbwarali alikuwa rafiki yangu. Najua mnavyofanya."

"Basi kwa nini ulimlaani?"

"Ulitaka nimwambie najua? Nimkumbatie, nimpe radhi, nilie? Angeondoka anajua kwamba siku ya ukumbini nitawaka. Angesita huko alikokwenda. Angenifikiria mimi badala ya kazi." Alilitazama bomba kama bado linavuma. "Alikuja kuomba laana, nikampa. Tangu azaliwe sijawahi kumnyima alichokuja kuniomba."

"Lakini ukumbini, mama, ulikuwa mkavu kabisa. Hata ofisa hakuamini."

"Nilikuwa nimeshamlilia. Ijumaa, barabara ilipokuwa tupu, nilijua ni yeye. Mtaa wa juu walikuwa wamefiwa. Msiba wenye kibali una ruhusa ya kulia, karani anakuandika mlangoni na kidani chako hakihesabiwi mpaka utoke. Nikaingia. Marehemu simjui. Nikalia tangu adhuhuri mpaka wenye msiba wakaanza kunibembeleza mimi, wakasema huyu bibi alimpenda sana babu yetu. Wengi wanafanya hivyo siku hizi, hawasemi tu. Jumapili sikuwa na hata tone."

Siwema aliinamisha kichwa. "Aliniomba nikuombee radhi," alisema. "Ndicho kilichonileta. Sikujua kama nitasema."

 Bi Mize alilinyoosha gauni lake magotini, akalikunja, akalinyoosha tena.

"Radhi anayo. Hata hajamaliza kufunga kamba za viatu nilikuwa nimeshampa moyoni. Alipotoka nilisimama nyuma ya mlango nikaisema yote, maneno yake kamili, na mkono nimeuweka kwenye ubao kama nimemwekea kichwani. Lakini yeye hakusikia. Amekufa anaamini mama yake hamtaki. Hilo ndilo linaloniua, Mungu anisamehe. Chokaa si kitu, kidani chao si kitu. Amekufa hajui."

Siwema, aliyepita mbele ya maiti nyingi na matangazo yake ya sabuni, aliyatafuta sasa asiyapate hata moja.  Kidani kikaanza kupata joto, na pembeni ya jicho akaona wekundu ukipanda ukutani.

Bi Mize alikuwa ameshasimama. Alifunga bomba, akavuta khanga mbili kwenye kamba, moja akajitanda, nyingine akamfunika Siwema kichwa na shingo, akaibana kwa nguvu.

"Siyo hapa," alisema. "Meza machozi. Mtaa wa chini wamefiwa tangu asubuhi. Twende haraka."

Walikwenda wameshikana, wanawake wawili wenye khanga, kama wengine wengi waliokuwa wakielekea huko. Mlangoni karani wa Mlezi aliwauliza marehemu ni nani wao.

"Mtoto wetu," Bi Mize alisema.

"Aliyekufa ni mzee, bibi."

"Kwangu ni mtoto."

Karani aliwatazama, akapiga miayo, akawaandika. Ndani walipishwa nafasi kwenye mkeka, kati ya watu wasiowajua. Bi Mize alimvuta Siwema kifuani kwake, akamwambia sasa, na Siwema akalia.